Matone ya Mchana

Kwetu nyumbani mimi ndiye mwenye sauti. Sijivuni, naeleza tu, kwa sababu bila ya kulijua hilo haya mengine hayatafahamika. Mume wangu ni mtu wa kunyamaza. Kazi yake ni ufundi wa saa, na nadhani saa ndizo zilizompa tabia ile ya kuketi kutwa ameinamia kitu kidogo bila ya kusema neno. Mimi huwasomesha dini wanawake wenzangu, jioni tatu kila wiki, katika ukumbi wa nyumba yetu hapa Malindi. Wananiita maalim. Na maalim ana hasira za karibu. Mwanafunzi akichelewa namsema, akikosea namsema, na mume wangu naye namsema, mwaka wa thelathini na mbili huu. Yeye hucheka kidogo kwa pua, akarudi kwenye saa zake.

Sukari ilimwingia kitambo. Vidonge alimeza, wali akapunguza, chai akazoea kunywa chungu huku akiniangalia kama kwamba mimi ndiye niliyemletea maradhi. Hatukujua kwamba sukari hupanda hadi machoni. Jicho lake la kushoto lilianza kuona moshi, naye akakaa kimya miezi mitatu, ati ni vumbi la dukani. Tulipofika kwa daktari lilikuwa limekwisha haribika. Nilimsema njia nzima ya kurudi, mpaka koo likanikauka. Akasema tu kwamba fundi wa saa hahitaji macho mawili, kwani lenzi ile hubanwa kwenye jicho moja, na moja analo.

Basi jicho la kulia ndilo lililobaki, na ndilo la kazi. Alikuwa na kiduka cha upana wa mlango, na japo siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, hakukosa kazi. Walimletea saa za ukutani za misikiti, saa za marehemu baba zao, saa za arusi. Kuna mtu alitoka Kakuyuni na saa iliyolala miaka kumi. Mume wangu aliifungua, akaipulizia, akaigusa mahali fulani kwa ncha ya kibano, ikaanza kutembea. Yule mtu akatokwa na machozi pale pale dukani. Mume wangu alinisimulia hayo mara tatu, yeye asiyesimulia kitu hata mara moja.

Halafu asubuhi moja alikuja nyumbani saa nne, saa ambayo huwa hatoki dukani. Alikuwa anashika ukuta. Akaniambia kwamba ndani ya jicho kumemwagika wino, na wino wenyewe unashuka. Siku hiyo sikumsema. Nilimpigia simu mdogo wangu mwenye gari akatupeleka kliniki ya macho, njia ya Kikambala, na huko ndiko tulikokutana na daktari wetu.

Alikuwa mwanamke kijana, mtu wa bara, anayezungumza polepole kama anayehofia kukosea Kiswahili mbele yetu. Nilimpenda kwa sababu alieleza. Alisema sukari imeziba mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, na sehemu iliyokosa damu inalia njaa. Inatoa vichocheo, kama vile mtu anavyopiga kelele za kuomba msaada, na vichocheo hivyo vinaotesha mishipa mipya. Tatizo ni kwamba mishipa hiyo huota ovyo, haina nguvu, inapasuka, damu inamwagika ndani. Angemfanyia operesheni aitoe ile damu pamoja na ule ute ulioishika, na aichome mishipa mibaya kwa miale.

Mimi, kwa vile ni mwalimu, niliuliza maswali. Nikataka kujua kama damu ikishatolewa hivyo vichocheo vitakwisha. Daktari akatikisa kichwa. Akasema operesheni nayo ni jeraha, jeraha huleta uvimbe, na uvimbe ndani ya jicho huvizidisha vichocheo vile vile. Wiki za kwanza ndizo za hatari. Uvimbe ukiachwa, maji hujikusanya katikati ya jicho, pale pa kusomea na pa kutazama vitu vidogo, na pakikaa na maji muda mrefu panakufa.

"Mama, kazi yangu mimi ni nusu," akaniambia. "Nusu nyingine ni haya matone, na hiyo ni kazi yako."

Zilikuwa chupa mbili. Moja dawa nyeupe ya kutuliza uvimbe, lazima itikiswe kwanza, tone moja kila baada ya saa mbili maadamu mgonjwa yu macho. Ya pili dawa ya kuzuia vidudu, maji matupu, mara nne kwa siku. Niliandika kila kitu kwenye daftari langu la darasa, nikapiga mstari chini yake.

Operesheni ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Shaabani. Jumapili bendeji ikatolewa, akaona kwa ukungu. Jumatatu ukungu ukapungua. Jumanne, wakati namtilia tone la alasiri, alinitazama usoni kwa muda mrefu, hata nikamuuliza ana nini. Akasema, "Kumbe umenenepa hivi." Nilimpiga kofi la bega, nikaenda jikoni nikalia kwa furaha, naapa, nililia mpaka nikajifutia upande wa leso.

Jumatano tukaamka na Ramadhani.

Daktari alikuwa amemkataza kufunga. Mume wangu, ambaye hambishii mtu, kwa hilo alimbishia. Alisema tangu utotoni kwao Mambrui hajala mchana wa Ramadhani, wala hatakula sasa kwa ajili ya jicho. Sukari yake siku hizo ilikuwa imetulia. Daktari akakubali shingo upande, kwa sharti apime sukari mara kwa mara, ikishuka afungue papo hapo, na matone yasikatwe. Alilirudia hilo la matone. Akaongeza kwamba matone si chakula, na mimi nikatabasamu, nikajisemea moyoni kwamba msichana huyu anajua macho lakini fikihi hajui.

Siku ile ya kwanza, saa sita mchana, nilimlaza kwenye kochi nikamtilia ile nyeupe, kisha ile ya maji. Akafumba jicho, akameza mate. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba dawa ni chungu na ameisikia kooni.

Nilibaki na chupa mkononi. Kooni! Miaka ishirini nasomesha wanawake mambo ya saumu, na kitu ninachokikazania kuliko vyote ni hicho, kwamba kinachoingia ndani kikafika kooni kinafunguza. Nimewaonya juu ya kusukutua, juu ya kuonja mchuzi, juu ya mswaki wenye dawa. Nilijua pia kwamba wanja haufunguzi, hilo limo kwenye vitabu na nimelisoma mara nyingi, kwani jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi. Lakini wanja sijapata kumsikia mtu akisema ni mchungu kooni. Uchungu ule ndio ulionipoteza. Sikufungua kitabu. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani, na wanaouliza huja kwangu?

Nikamwambia saumu yake ya leo ina shaka, atailipa, na kuanzia kesho hakuna matone mchana. Akaniambia taratibu kwamba daktari alisema kila baada ya saa mbili.

"Daktari ni wa macho," nikamjibu. "Kesho akhera saumu yako ataisimamia yeye?"

Akajilaza tena. Nikaona nimeshinda. Lililofika kooni ni lile tone la chupa ya maji peke yake, ile nyeupe hakuilalamikia. Lakini mimi nikazikata zote mbili, sitaki mchezo, kanuni ni kanuni. Nikapanga ratiba yangu: tone baada ya kufungua, tone baada ya tarawehe, tone kabla ya kulala, na moja wakati wa daku. Niliona nimefanya akili sana, kwa kuwa nimelinda dini na dawa kwa pamoja.

Na lau ningeishia hapo. Alhamisi jioni ilikuwa darasa. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima, akauliza kuhusu dawa ya pumzi, na mimi nikaona nafasi ya kutoa mfano. Nikawasimulia habari ya mume wangu na matone yake, nikawaeleza hukumu niliyoitoa. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa pazia, amelala, au ndivyo nilivyodhani. Nakumbuka niliwaambia kwamba dini haina huruma za kijinga, na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Wakacheka. Nikafurahi walivyocheka.

Wiki ya kwanza ikapita salama, au nilijitia upofu nisione. Siku ya nane alianza kukaa na uso ameuelekeza ukutani, akasema mwangaza wa mlangoni unamchoma. Siku ya tisa jicho lilikuwa jekundu kama aliyetoka kupikia kuni mbichi, na paji la uso linamgonga. Nilimwambia ni saumu, ni joto, ni usingizi mchache. Nilikuwa na majibu kwa kila kitu. Siku ya kumi na moja nilimpelekea maji ya kutawadha, nikasimama mbele yake, akaniuliza ni nani.

Alikuwa ananitazama usoni na akaniuliza ni nani.

Tukaenda kliniki siku hiyo hiyo. Daktari aliinama kwenye mashine yake, akakaa hapo sana, kisha akaita mwenzake naye akatazama. Walihofia vidudu vimeingia ndani. Ilibidi wachome sindano nyembamba kwenye jicho lenyewe, wavute tone la maji yake, wapeleke maabara. Mume wangu alinishika mkono wakati wa sindano. Vidole vyake, vile vinavyoweza kukishika kijipini usichokiona, vilinibana mpaka nikaumia. Wakamtilia dawa ya uvimbe hapo hapo, tena na tena, mimi nikitazama chupa ile nyeupe ikitikiswa na mtu mwingine mchana kweupe.

Tulirudi baada ya siku mbili kusikia majibu. Daktari akatuketisha. Alisema maabara haikuona kidudu chochote. Maji ya jicho yamejaa uvimbe mtupu, na uvimbe umeviwasha vile vichocheo alivyotueleza, na vichocheo vimezifanya kuta za mishipa zivuje, sasa katikati ya jicho pamefura maji. Akafungua faili, akafunga. Alisema operesheni ilikwenda vizuri na alitarajia jicho liwe limetulia kufikia sasa. Kisha akauliza, sauti yake ikiwa ya chini sana:

"Mlikuwa mnatia dawa kama nilivyowaambia?"

Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye kuliko mume wangu. Swali lilikuwa langu. Aliniambia mwenyewe kwamba hiyo ndiyo nusu yangu. Nikafungua mdomo, huu mdomo usiojua kupumzika, na hapakutoka kitu.

"Nilizembea, daktari," mume wangu akasema. "Nilikuwa najitilia mwenyewe, nikawa nasahau mchana."

Daktari akamkemea. Hakumtusi, lakini alimkemea, binti wa rika la mwanetu wa mwisho, na mtu mzima yule akainamisha kichwa, akasema ni kweli, amwie radhi. Nilimwangalia akikemewa kwa ajili yangu, na nikanyamaza. Katika maisha yangu yote siku niliyonyamaza ni hiyo.

Aliacha kufunga, kwa amri ya daktari. Alichomwa ndani ya jicho sindano ya kuvizima vichocheo, kisha nyingine baada ya mwezi, kisha nyingine. Kila safari nilikuwa nahesabu dalili njema. Akisema ameona kivuli cha paka nashukuru. Akisema rangi ya khanga yangu nashukuru. Matone nikawa namtilia kwa dakika, simu ikinilia kunikumbusha, sikuchelewa hata mara moja. Uvimbe ulishuka, daktari alituonyesha kwenye picha, pale palipokuwa na kilima pakawa tambarare. Lakini akasema pametulia kwa kuchelewa. Palikaa na maji muda mrefu mno, na vilivyokuwa vikiona pale vimekufa. Pembeni ataona, hatajikwaa, atajiendea msikitini. Katikati hapana kitu.

Maana yake ni kwamba akinitazama usoni, miguu yangu anaiona, na uso wenyewe hauoni.

Kiduka tulikifunga mwezi wa pili baada ya Idi. Kazi ya kurudisha saa za watu ambazo hakuwahi kuzitengeneza tuliifanya pamoja. Zilikuwa kumi na saba ndani ya boksi. Alikuwa anaichukua saa, anaipapasa mgongo, anatia kidole kwenye mkanda, halafu ananitajia mwenye saa na maradhi yake: hii springi, hii imeingia maji, hii haina kitu, ilitaka kusafishwa tu. Mimi naandika karatasi na kuifunga. Hakukosea hata moja. Ilipofika ya mwisho akaniambia hiyo ni ya nusu saa tu, angekuwa ameimaliza nusu saa, na akaendelea kuishika. Nilimwacha aishike.

Sikuwa naweza kulala wala kusomesha. Nilifunga darasa nikasingizia magoti. Nilikuwa nikimtazama akikaa kibarazani mchana, mikono imelala mapajani bila ya kazi, nami nazunguka jikoni na lile neno ambalo sikulisema. Nilijichukia. Sina namna nyingine ya kulieleza hilo, nilijichukia mpaka chakula hakishuki.

Safari ya mwisho ya kliniki, kabla daktari hajatuaga, nikalitoa. Nikamwambia daktari aliyekosa si mume wangu, ni mimi. Mimi niliyekata matone ya mchana kwa sababu ya saumu, na siku ile nilimwacha mume wangu abebe dhambi yangu. Daktari alivua miwani akaifuta. Alisema kuna macho yanayotiwa kila tone na bado yanaharibika, sukari ni sukari, hakuna anayeweza kuapa kwamba haya yasingetokea. Nadhani alitaka kunipa faraja, mtoto wa watu. Nilimshukuru, lakini haikuniingia.

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la nje kumsubiri mdogo wangu na gari. Mume wangu alikuwa ameweka mkono wake juu ya wangu, na mkono ule ulinizidishia uchungu. Nikamuuliza kwa nini alisema uongo siku ile. Nikamwambia angelisema ukweli, ningelistahili kukemewa mimi, na pengine leo ningelala usingizi.

Akaupapasa mgongo wa mkono wangu, kama anavyopapasa saa.

"Kosa halikuwa lako peke yako," akasema. "Ijumaa ile ya kwanza nilimuuliza imamu baada ya sala. Aliniambia jicho si njia ya ndani, matone hayafunguzi, hata uyasikie kooni."

Sikuelewa mara moja. Nilimuuliza Ijumaa ipi. Akarudia, ya kwanza, ya Ramadhani. Nikamuuliza, na sauti yangu sikuitambua, mbona hakuniambia.

"Ulikuwa umekwisha wafundisha wanawake," akasema. "Nilikusikia Alhamisi. Ningekwambia nini? Wewe ukisema kitu, kimekwisha." Alikuwa ameugeuza uso pembeni kidogo, ili aweze kuniona kwa lile jicho. "Kukwambia umekosea kulinishinda. Nikaona ni rahisi kungoja Idi."

Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningelijua la kumjibu. Alieleza tu, kama anavyoeleza maradhi ya saa. Mdogo wangu akafika, akapiga honi, mume wangu akainuka akaufuata mlango wa gari kwa mkono.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya tatu ya mfungo. Jicho lilikuwa bado linaona.